Seli Zilizowaka Kwenye Damu ya Mama

Lango langu lilipoanza kusema uongo, lilichagua kusema uongo juu ya damu ya mama yangu mzazi. Ningevumilia kama lingekosea kwa damu ya mtu baki. Lakini mama? Mama aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na goti lake bovu, keki ya ndimu mkononi, akanyoosha mkono achomwe sindano ili mwanawe afanikiwe? Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

Nieleze kwanza lango lenyewe ni kitu gani, maana hata kaka yangu, dereva wa lori ambaye ameshaelezwa mpaka maneno yameniishia, bado huwaambia watu kwamba natengeneza mageti. Mwanamke akiugua ugonjwa mbaya wa damu, wakati mwingine hupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu yake wa kiume. Baadaye madaktari hutaka kujua kama seli za yule ndugu zimeshika au zimekufa. Ukizitazama kwa hadubini zote ni vidoa tu, huwezi kusema hiki cha dada na hiki cha kaka. Kazi yangu ni kuzitia taa zile za kaka.

Seli ya mwanamume ina kromosomu Y, ya mwanamke haina. Basi nimetengeneza nyuzi mbili fupi za DNA. Uzi wa kwanza hushika sehemu moja ya hiyo Y, uzi wa pili hushika sehemu ya jirani. Mmoja peke yake haufanyi kitu. Zikikaa zote mbili bega kwa bega ndani ya seli ile ile, ncha zao hukutana na kuufungua uzi wa tatu, nao ukifunguka huwaka kijani. Yaani seli inaulizwa: unayo hii? Na hii je, unayo pia? Ikijibu ndiyo mara mbili, inawaka. Ikijibu ndiyo mara moja, inabaki gizani. Hilo ndilo lango.

Swali la mwisho ni la mwenzangu wa meza ya pili. Sote tunamwita Bi Hapana, kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyetengeneza uzi unaokataa, pili kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi. Seli zilizokufa hunasa kila kitu, zikawaka bila haki. Uzi wake huzitambua na kuzizima. Ni kazi nzuri sana, ingawa sijawahi kumwambia, asije akavimba kichwa.

Miaka mitatu nimelilea lango hilo. Mwisho wa mwezi madaktari wa wodi ya uboho wangekuja kwa Profesa, mama mmoja anayetuongoza akiwa amevaa kandambili ofisini, wachague: watumie lango letu, au wabaki na njia yao ya zamani na mimi nifunge virago. Kilichobaki kilikuwa jambo la kitoto. Tuonyeshe kwamba damu ya mwanamke ambaye hajapandikizwa chochote inatoa giza tupu. Giza tu! Nani hushindwa kupata giza?

Mabinti wa maabara walikuwa wameshatoa damu mpaka wakaanza kunikwepa kwenye korido. Zao zote zilitoka giza. Profesa akataka damu ya mtu wa nje, mtu mzima. Mama, anayeoka keki za kuuza na hapendi kupitwa na jambo, akasikia nikilalamika mezani akajitolea kabla sijamaliza sentensi. Nilimuuliza maswali mawili niliyoyatunga mwenyewe. Umewahi kupandikizwa uboho? Umewahi kuongezewa damu?

"Hapana na hapana," akajibu. "Damu yangu ni yangu tangu nizaliwe. Sijaazima ya mtu."

Nikamtoa damu, nikaipaka kwenye kioo chembamba cha hadubini, nikaipa nyuzi zangu, nikaingia chumba cha hadubini na filimbi mdomoni. Kile chumba hakina dirisha, na mtu huzoea giza lake kama kitanda chake. Nikatazama. Katikati ya giza la mama kitu kikawaka kijani. Nikasogeza kioo. Kingine hicho. Katika malaki ya seli zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole, lakini hizo chache zilitosha kunimaliza. Kama lango linaona mwanamume mahali ambapo hakuna mwanamume, daktari atamwambia nini mgonjwa wake?

Nikamwita Bi Hapana. Akainama, akatazama, akajikuna shingo.

"Hapana," akasema. "Hizi si seli mfu. Uzi wangu ungezizima."

"Basi uzi wako umelala."

"Uzi wangu haulali. Wako ndio unashikashika visivyo vyake."

Tuliendelea hivyo mpaka koo zikakauka. Tukabadilisha maji ya kuoshea, tukabadilisha joto, tukabadilisha glavu. Mama aliwaka. Seli za kike tulizozikuza wenyewe kwenye vyombo, giza. Damu ya Bi Hapana, giza. Mama tu, taa. Ndipo Bi Hapana akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Ngoja, kaka. Nani aliitoa damu hii?"

"Mimi."

"Nani aliipaka kwenye kioo?"

"Mimi. Sasa?"

"Na mwanamume katika maabara hii ni nani na nani?"

Jibu lilikuwa fupi mno. Ni mimi peke yangu.

"Hizo seli ni zako," akasema, akinyoosha kidole. "Kikulacho ki nguoni mwako. Umekaa hapo unakuna ndevu juu ya kioo cha mama yako, halafu unausingizia uzi wangu!"

Ni lazima niseme kuhusu ndevu zile. Zilikuwa nene, zimekaa sawasawa, nilizipaka mafuta asubuhi na jioni, na watu walinisalimia kwa heshima kwa ajili yake. Profesa aliposikia tuhuma hakunionea huruma hata chembe. Aliamuru ndevu zitoke, na mimi nisikanyage chumba cha kutayarishia vioo. Nisimame nje ya mlango wa kioo kama mtu aliyefika dukani wakati wa kufunga.

Nikanyoa. Mama aliponiona jioni ile alidondosha mwiko.

"Nani kakunyonyoa?"

"Ni kwa ajili ya damu yako, mama."

"Damu yangu haijasema ina shida na ndevu zako," akasema, lakini nilimwona akigeukia jiko mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akampigia simu kaka. Kaka ananizidi miaka sita, na mama ametuambia maisha yote kwamba miaka hiyo alikuwa anapumzika kutokana na kelele za kaka. Kaka husema alikuwa anafikiria kama inafaa kuongeza mwingine. Siku hiyo kaka alicheka mpaka akalazimika kuegesha lori pembeni ya barabara.

Mama akarudi kutoa damu tena, safari hii na keki ya chokoleti. Muuguzi wa kike ndiye aliyemchoma. Bi Hapana ndiye aliyefanya kila kitu, amejifunika kutoka utosini mpaka vidoleni, mimi niko nje ya mlango nampa maelekezo kwa mikono, naye ananijibu kwa kutikisa kichwa, hapana, hapana. Walipoweka kioo kwenye hadubini wakaniita nije nitazame, nimeziba mdomo na pua. Zikawaka. Kijani kile kile, chache zile zile, zimetulia tu kama wenye nyumba.

Nilipiga teke pipa la taka. Bi Hapana hakunicheka, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya kweli. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nyuzi ni nzuri," akasema taratibu. "Lakini siwezi kuwapa madaktari lango lenye ufa. Wakija, nitawaambia waendelee na njia yao ya zamani."

 Nilikaa kwenye chumba cha chai nikitazama kikombe kama ndicho kilichonikosea. Miaka mitatu, na ndevu juu yake.

Ndipo mama akaingia. Hakuja kutoa damu. Alikuja kuchukua chombo chake cha keki, maana kwake kuna makosa mawili tu yasiyosameheka, kumdharau mtu na kutomrudishia chombo. Aliniona, akamwona Profesa amesimama dirishani na chai yake, akaelewa bila kuambiwa.

"Dada," akamwambia Profesa, "mimi mambo yenu siyajui. Lakini kama mnasema huyu amedanganya, hapo nakataa. Nyumbani kwangu nimezaa wanaume watupu, najua wanavyodanganya. Huyu akisema uongo masikio yanamwiva kama nyanya. Mtazameni. Yameiva?"

Kikombe cha Profesa kilisimama nusu ya njia.

"Mama, umesema umezaa nini?"

"Wanaume. Huyu na kaka yake. Kwani vipi?"

Profesa akaweka kikombe chini. Akakaa. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka kandambili moja ikamtoka mguuni. Bi Hapana akaja mbio kutoka kwenye korido akidhani kuna mtu amezidiwa.

"Nani alitunga maswali ya wachangiaji damu?" Profesa akauliza akijifuta machozi.

Nikainua mkono.

"Umewauliza uboho. Umewauliza damu. Mwanamume mzima, umesahau kuuliza uzazi!"

Jamani, lilikuwa wazi kama mchana. Mtoto akiwa tumboni, seli zake chache huvuka na kuingia katika damu ya mama. Nyingi hupotea. Nyingine hupata pa kukaa, zikajikalia humo miaka nenda miaka rudi, hata mtoto mwenyewe akaota ndevu. Jambo hilo tulifundishwa sote. Profesa amelifundisha kwa mdomo wake. Bi Hapana alilijibia mtihani akapata alama zote, na hajaacha kutukumbusha. Lakini mtu akiwa na lango mbele yake, haoni kingine. Mabinti waliotoa damu mwanzoni hawakuwa na watoto, mama ndiye aliyekuwa mzazi wa kwanza kukaa kwenye kile kiti, na mimi, niliyetoka katika tumbo hilo hilo, sikulifikiria hata kidogo.

"Nilisema ni zako," Bi Hapana akasema.

"Ulisema ni za ndevu."

"Zako ni zako."

Ilibidi tuthibitishe, maana kicheko si ushahidi. Profesa akakunja mkono wa nguo. "Mimi sikuzaa, na nyinyi wawili mnatosha kunizeesha. Nichomeni." Akatoka giza. Mama yake Bi Hapana, mwenye mabinti watatu, giza. Mhasibu wetu, mama wa wavulana wanne, akawaka, akafurahi akaomba picha. Mama wa stoo, mwenye mvulana mmoja, hakuwaka. Si kila mwili hutunza, tukamfariji kwa kipande cha keki. Lango halikuwa na ufa hata kidogo. Lilikuwa limesema kweli tangu siku ya kwanza, na sisi ndio tulioliita mwongo.

Madaktari walikuja, wakatazama, wakanong'onezana. Mkubwa wao akasema lango linaloweza kupata mabaki ya mtoto wa miaka thelathini iliyopita ndilo analolitaka kwa wagonjwa wake, ila kila mama aulizwe kwanza kuhusu watoto wake. Nilimkumbatia Bi Hapana. Akasema hapana, lakini alichelewa.

Nilikimbia nyumbani kumweleza mama. Nilimkuta jikoni, mashine ya kupigia mayai inanguruma, keki ya harusi ya watu imejaa meza nzima. Nikampigia kaka simu, nikaiweka sauti ya juu, nikawaeleza wote kwa pamoja. Mama alisikiliza huku akipiga mayai.

"Kwa hiyo humu ndani," akasema akijigusa kifua kwa mwiko, "kuna mtoto."

"Kuna seli zake, mama."

"Ndiyo maana mgongo hauishi kuniuma! Kumbe bado nabeba."

"Ni zangu hizo," kaka akadakia kutoka kwenye simu. "Mimi ndiye niliyefungua njia."

"Aliyefungua njia amepita zamani," nikamwambia. "Zangu ndizo mpya."

"Wewe dogo, hata tumboni ulikuwa mvivu. Ulichelewa wiki mbili kutoka. Ungehangaika kuhamia kwenye damu?"

"Nilichelewa kwa sababu nilikuwa napanga makazi!"

Mama alicheka. Mimi, nikiwa bado nimelewa ushindi, nikasema ubishi huo ni rahisi kuumaliza. Kaka ateme mate kwenye kichupa, na mimi niteme, nilinganishe na zile seli, tujue mtoto wa mama ni nani.

Mama akazima mashine.

"Usipime," akasema.

"Kwa nini, mama? Ni kazi ndogo tu."

"Kwa sababu mnaweza kupimwa wawili na mkakosa wawili."

 Kwenye simu niliusikia mngurumo wa lori la kaka, halafu nikasikia akilizima. Mama alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akitaka kuanza kupamba.

"Ile miaka sita sikuwa napumzika," akasema. "Kati yenu alikuwepo mwingine. Wa kiume. Alifika miezi saba, siku moja akatulia. Nilimzaa ametulia vile vile. Wakamchukua. Wakasema ni bora nisimwone, nitasahau mapema. Mimi nilikuwa msichana tu, nikawasikiliza."

"Mama," kaka akasema, na sauti yake haikuwa ile ya dereva wa lori. "Hukuwahi kutuambia."

"Ningewaambia nini? Wewe ulikuwa mdogo, na huyu alipokuja mlikuwa mnagombania baiskeli. Na baba yenu kila nikitaja alitoka nje. Nikaacha kutaja." Akatazama mwiko wake. "Nilidhani ameondoka bila kuacha kitu. Hata nguo sikuwa nimemshonea."

Nililia. Sitasema vumbi la unga liliniingia machoni. Nililia kama mtoto, nimeegemea friji, na kwenye simu kaka alikuwa akipenga kamasi kwa kelele.

"Usilie juu ya keki ya watu," mama akaniambia, akanisukuma pembeni kwa kiuno. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari: "Hivyo vitaa, mtu anaweza kuviona kwa macho yake mwenyewe?"

"Anaweza."

"Basi nitakuja kesho. Keki hii wanaichukua asubuhi."

Alikuja kweli, amevaa gauni lake la kwenda kwa watu, na safari hii hakubeba keki. Alipanda zile ngazi akipumzika kila ghorofa na kukataa mkono wangu. Bi Hapana alikuwa ametuwekea kioo tayari. Alimsalimia mama, akavuta kiti akakisogeza karibu na hadubini, akakipima urefu kulingana na goti la mama, akatoka akifunga mlango polepole. Ni mara ya kwanza kumwona akiondoka mahali bila kukataa kitu.

Nilimwonya mama mapema. Rangi ile huchoka ikimulikwa. Mwanga unaoiwasha ndio unaoimaliza, kwa hiyo hutazamwa kidogo, halafu hufungwa. Akaitikia kwa kichwa. Nikaitafuta seli moja, nikaiweka katikati, nikampisha.

Mama akavua miwani, akainama. Mwanzoni alifumba jicho lisilohusika, akalalamika anaona kope zake tu. Nikamwambia asogee nyuma kidogo. Akasogea. Halafu akatulia.

Sikumwona uso. Niliona mkono wake tu, ule wenye alama za moto wa jiko, umeshika ukingo wa meza.

"Hujambo, mwanangu," akasema ndani ya hadubini.

Hakumtaja kwa jina, maana hakuwahi kumpa. Huenda alikuwa akimsalimia kaka. Huenda alikuwa akinisalimia mimi, niliyesimama nyuma yake na kidevu kitupu. Wivu sikuwa nao hata tone, na kwa mtu mwenye hasira kama zangu hilo ni jambo la kuandikwa. Nilitamani akae hapo mpaka jioni, na nilijua rangi haitamngoja, kile kijani kingeanza kufifia mbele ya jicho lake. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia.

Mama akajitoa mwenyewe. Akavaa miwani yake, akaiweka sawa puani.

"Mzimie taa, asichoke," akasema. "Nimeshamwona."